Friji ya betri imezima botini: kufuata umeme kutoka kwenye betri hadi kwenye kompresa

Friji ya volti 12 ikizima ndani ya mashua hapa Lamu, wazo la kwanza la wengi ni kwamba gesi imeisha, na la pili ni kuing'oa, kuivusha hadi Mokowe, gati la upande wa bara, na kuipakia kwenye basi la Mombasa. Safari hiyo ina gharama, na mara nyingi haina faida: fundi wa Mombasa huiunganisha na betri yake ya mezani kwa waya mfupi, friji ikawaka papo hapo, kwa sababu ubaya haukusafiri nayo bali ulibaki Lamu, katika kiungo kilicholiwa na chumvi au katika waya mwembamba uliopitishwa ngama nzima, yaani chini ndani ya chombo, kutoka tezi hadi omo. Kwa hiyo kabla ya kuifungua friji yenyewe, ni lazima ujue kama umeme unaifikia, tena unaifikia kwa nguvu inayotosha.

Maelezo yafuatayo yanahusu friji zenye kompresa, yaani pampu inayozungusha gesi ya kupoza, zinazotumia umeme wa betri wa volti 12 au 24: zile zilizofungwa kwenye mashua zinazotembeza wageni kati ya Shela na Manda Toto, zile za boti za uvuvi zinazoshusha kamba na samaki kutoka Kizingitini na Kiwayu, na zile za kubebeka ambazo leo zimo botini na kesho zimo nyuma ya gari la safari upande wa bara. Dalili zimepangwa kufuatana na malalamiko yanayosikika zaidi, na chini ya kila dalili, chanzo kinachotokea mara nyingi ndicho kinachotangulia.

Kabla ya kugusa chochote

Kinachohitajika ni mita ya kupimia volti na omu, brashi ya waya, msasa, bisibisi, fyuzi za akiba za kiwango sahihi na mita kadhaa za waya mnene wa majaribio. Mita ya bei nafuu inatosha, alimradi betri yake ndogo haijachoka, maana mita yenye betri iliyochoka hutoa namba za uongo.

Boti nyingi hubeba petroli ndani ya madebe, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama chini, mahali pale pale ambapo betri na nyaya huwekwa. Toa madebe nje, fungua vifuniko, acha upepo upite, na usiunganishe wala kutenganisha waya wowote ikiwa bado unasikia harufu ya mafuta. Vua pete na saa. Unapotenganisha betri, anza na waya hasi, na unaporudisha, waya hasi uwe wa mwisho. Betri ya maji inapochajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja, kwa hiyo sigara na kiberiti vikae mbali. Ikiwa betri imevimba, inanuka kama yai viza, au ni ya moto kiasi kwamba mkono hauwezi kukaa juu yake, zima chaja, usiifungue, na umwite fundi.

Kipimo kinachotangulia vipimo vyote

Watu wengi hupima betri friji ikiwa imezimwa, wanaona volti 12.6, wanatangaza kwamba umeme ni mzuri, na hapo ndipo uchunguzi unapopotea. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili au tatu tu ndani ya kutu unaweza kuonyesha volti kamili kabisa wakati hakuna kinachovuta umeme, kwa sababu volti hupungua njiani pale tu mkondo unapopita. Kipimo chenye maana ni kile kinachochukuliwa kompresa ikiwa inazunguka, au katika zile sekunde chache inapojaribu kuanza.

Pima kwanza kwenye vichwa vya betri vyenyewe, yaani kwenye risasi, si kwenye kibano kilichoishika. Kisha pima pale nyaya zinapoingia kwenye kisanduku cha elektroniki kilichofungwa ubavuni mwa kompresa. Kwa mfumo wa volti 12, tofauti kati ya vipimo viwili ikizidi nusu volti, tatizo liko njiani, na friji haina hatia. Ikiwa vipimo vyote viwili viko chini pamoja, tuseme volti 11, tatizo ni betri au chaji yake. Na ikiwa vyote viwili viko juu ya volti 12 huku kompresa haianzi, hapo ndipo inapokuwa halali kuishuku friji.

Ukishajua kwamba volti zinapotea njiani, unaweza kupata mahali hasa bila kubahatisha. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa chanya cha betri na nyingine kwenye mlango chanya wa friji, yaani pale waya chanya unapoingia kwenye kisanduku cha elektroniki, kompresa ikiwa inazunguka. Namba utakayoiona ndiyo hasara ya upande chanya peke yake, na haifai kuzidi robo ya volti. Rudia upande hasi, kutoka kichwa hasi cha betri hadi mlango hasi wa friji. Upande hasi ndio unaosahauliwa, kwa sababu hauna fyuzi wala swichi na watu huuona kama waya wa kusindikiza tu, ilhali mkondo unaokwenda kwa chanya ni ule ule unaorudi kwa hasi. Baada ya kujua upande wenye ubaya, sogeza ncha ya mita kiungo kwa kiungo: kabla ya fyuzi, baada ya fyuzi, kabla ya swichi, baada ya swichi. Pale namba inaporuka ghafla ndipo penye kutu.

Dalili: friji imezima kabisa, haina taa wala sauti

Anza na plagi ikiwa friji ni ya kubebeka. Plagi ile ya duara inayoingia kwenye soketi ya laita ya gari haikubuniwa kushika mkondo wa friji mchana kutwa huku chombo kikitikiswa na mawimbi ya kusi. Ncha yake hushikiliwa na springi tu, na springi hiyo ikipata joto hulegea, ikilegea hupata joto zaidi, hadi plastiki inayeyuka. Chomoa plagi na uiguse: ikiwa ya moto, au ncha yake imekuwa nyeusi, umepata jibu. Kuisafisha kutaisaidia kwa siku chache, lakini dawa ya kudumu ni kuondoa soketi hiyo na kuweka plagi inayofungwa kwa skrubu, au kuunganisha friji moja kwa moja kupitia fyuzi yake.

Kwa friji iliyofungwa moja kwa moja, tazama fyuzi, kisha tazama kishikio chake. Fyuzi inaweza kuwa nzima huku miguu ya kishikio imefunikwa na unga wa kijani. Ichomoe, ipime kwa omu ikiwa nje, sugua miguu kwa msasa na uirudishe. Watengenezaji wa kompresa ndogo za Danfoss, ambazo sasa hutolewa kwa jina la Secop na zimo katika friji nyingi za boti, wanataka fyuzi ya ampea 15 kwa mfumo wa volti 12 na ya ampea 7.5 kwa volti 24, iwekwe kwenye waya chanya karibu kabisa na betri. Ukikuta fyuzi imewekwa upande wa friji, waya wote ulio kati yake na betri hauna ulinzi, na jambo hilo lirekebishwe hata kama silo lililoizima friji.

Baada ya fyuzi inafuata swichi ya paneli, na baada ya swichi viungo vilivyosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu. Tepu haizuii hewa ya bahari. Huingiza unyevu wa chumvi na kuuzuia usitoke, na ukiifungua mara nyingi utakuta shaba imekuwa nyeusi au unga mtupu. Kata hadi ufikie shaba inayong'aa, na ikiwa weusi unaendelea ndani ya ganda kwa zaidi ya urefu wa kiganja, waya huo wote ubadilishwe. Kiungo kipya kibanwe kwa kichwa cha shaba na koleo lake, kisha kifunikwe kwa mpira unaonywea kwa joto, ikiwezekana ule wenye gundi ndani. Waya uliopakwa bati, unaouzwa kwa ajili ya vyombo vya baharini, ni ghali kuliko wa nyumbani lakini hudumu zaidi.

Zipo sababu mbili zaidi ambazo hazitokei mara nyingi lakini huwasumbua watu sana. Betri ya lithiamu ina saketi ya ulinzi ndani yake, nayo ikiona chaji imeshuka mno hujizima yenyewe, na mita huonyesha volti sifuri au karibu na sifuri kana kwamba betri imekufa. Mara nyingi huamka ikipewa chaja inayofaa. Na friji iliyounganishwa kwenye mlango wa mzigo wa kontrola ya sola huzimwa na kontrola hiyo betri inaposhuka hadi kiwango kilichowekwa, au inapoona mkondo wa kuanzia wa kompresa ni mkubwa kuliko uwezo wake. Friji haifai kuunganishwa hapo. Iunganishwe na betri yenyewe kupitia fyuzi yake, kwa kuwa ina ulinzi wake wa betri.

Dalili: kompresa inajaribu, inanyamaza, inajaribu tena baada ya dakika moja

Hii ndiyo dalili inayodanganya kuliko zote. Feni inazunguka, taa ya ndani inawaka, mtu anasikia mtetemo mfupi kisha kimya, na baada ya dakika moja mtetemo tena. Wengi husema kompresa imekwama. Kwa kawaida haijakwama, inakosa volti.

Kisanduku cha elektroniki cha kompresa hizi hupima volti mlangoni pake, na katika mpangilio wa kawaida wa volti 12 hukata umeme volti ikishuka hadi 10.4, kisha hakirudishi mpaka ipande kufikia 11.7. Kwa mfumo wa volti 24 viwango hivyo ni 22.8 na 24.2. Kimewekwa hivyo ili friji isiikaushe betri inayohitajika kuwashia mashine. Sasa fikiria betri yenye volti 12.1, ambayo si mbaya, ikipeleka umeme kwa waya wa milimita mraba 1.5 hadi friji iliyo umbali wa mita 6. Njia ya kwenda na kurudi ni mita 12, na kwa mkondo wa ampea 5 waya huo peke yake hula takriban volti 0.7. Ongeza kiungo kimoja chenye kutu, ongeza kishikio cha fyuzi kilicholegea, ongeza mvuto wa ziada wakati wa kuanza, na volti inayofika inashuka chini ya 10.4 kwa nukta chache. Kisanduku kinakata, mzigo unaondoka, volti inapanda mara moja, kisanduku kinajaribu tena. Mchezo huo unaweza kuendelea usiku kucha.

Jaribio la kuthibitisha ni rahisi kuliko maelezo yake. Chukua waya mnene wa majaribio, wenye fyuzi, na uunganishe friji moja kwa moja na betri, ukiziacha nyaya zote za zamani. Au, ikiwezekana, toa betri na uiweke kando ya friji. Kompresa ikianza na kuendelea, nyaya za chombo ndizo zenye kosa. Kwa unene wa waya, kipimo cha watengenezaji ni chepesi kukumbuka: kwa volti 12, waya wa milimita mraba 2.5 usizidi mita 2.5 kutoka kwenye betri hadi kwenye kompresa, wa 4 usizidi mita 4, wa 6 usizidi mita 6, na wa 10 usizidi mita 10. Kwa volti 24 urefu huo unaruhusiwa mara mbili. Waya wa taa za nyumba wa milimita 1.5, ambao ndio unaopatikana katika kila duka la vifaa, haumo kabisa katika orodha hiyo.

Ikiwa volti mlangoni ni nzuri hata wakati wa kuanza, soma taa ndogo ya hitilafu, kama friji yako inayo. Katika kompresa za aina hiyo taa hupepesa idadi fulani kisha hupumzika. Kupepesa mara moja ni ulinzi wa betri, yaani volti, na unarudi nyuma kwenye nyaya. Mara mbili ni feni inayovuta mkondo kupita kiasi, mara nyingi kwa sababu mhimili wake umejaa vumbi na chumvi. Chomoa waya wa feni, na kompresa ikianza, badilisha feni. Mara tatu ni kompresa kushindwa kuanza, jambo linaloweza kuletwa na shinikizo la gesi ambalo bado halijatulia, kwa hiyo izime kwa dakika kama kumi kabla ya kuihukumu. Mara nne ni kompresa kulemewa na kushindwa kushika mwendo wake wa chini. Mara tano ni kisanduku chenyewe kupata joto kali, na dawa yake ya kwanza ni hewa.

Kama hakuna kupepesa na kompresa haijaribu hata kidogo, huenda thamostati, swichi inayofuata ubaridi wa ndani, haitoi amri. Kwenye kisanduku kuna milango miwili yenye herufi C na T ambapo nyaya za thamostati huingia. Zitoe nyaya hizo na uunganishe C na T kwa kipande kifupi cha waya: kompresa ikizunguka, thamostati au waya wake ndio mbovu. Jaribio hili ni la volti ndogo na halina hatari, mradi usikosee mlango.

Dalili: inapoza vizuri mchana, inazima kabla ya alfajiri

Hapa hesabu hufanya kazi kuliko mita. Friji ndogo ya boti huvuta ampea 4 au 5 kompresa ikizunguka, na katika joto la kaskazi inaweza kuzunguka nusu ya saa zote za siku au zaidi. Ampea 4.5 kwa saa 12 ni ampea-saa 54. Betri ya risasi ya ampea-saa 100, ambayo haifai kushushwa chini ya nusu ikiwa unataka idumu, ina ampea-saa 50 za kutumia. Paneli moja ya sola ya wati 100 hutoa ampea 5 au 6 jua likiwa kali, na ukiihesabia saa tano za jua zuri unapata kati ya 25 na 30. Mfumo wenye betri moja na paneli moja, basi, unaishi kwa deni kila siku, na deni hulipwa alfajiri. Hakuna cha kutengeneza katika mfumo wa namna hiyo. Ongeza paneli kwanza, ndipo ufikirie kuongeza betri, kwa kuwa betri ya pili isiyojazwa haisaidii kitu.

Ikiwa hesabu inatosha lakini friji bado inazima, panda juu utazame paneli. Chumvi iliyokauka na mavi ya ndege hupunguza umeme, na kivuli cha mlingoti au cha foromali kikipita juu ya sehemu ndogo tu ya paneli kinaweza kuangusha sehemu kubwa ya nguvu yake. Osha kwa maji baridi yasiyo ya bahari, asubuhi kabla kioo hakijapata moto. Katika miezi ya masika, na hasa Mei, mawingu yenyewe yanatosha kuwa sababu, na anayetegemea sola peke yake anapaswa kuwa na njia nyingine ya kuchaji.

Kisha ipime betri. Ijaze, iache ipumzike saa kadhaa bila mzigo wala chaji, halafu upime: betri ya risasi yenye afya huonyesha karibu volti 12.7, ikiwa nusu huonyesha takriban 12.2, na chini ya 11.9 iko karibu na mwisho. Ile inayokwama kwenye volti 10.5 hivi hata baada ya chaji ya siku nzima imefiwa na seli moja na haitengenezeki. Betri ya maji ikaguliwe kiwango cha maji kila mwezi, iongezwe maji ya betri tu, kamwe si ya kisima. Betri ya kuwashia gari, ambayo wengi huinunua kwa sababu ya bei, imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa muda mfupi na huharibika haraka ikikaushwa kila usiku. Vilevile, kuifunga betri mpya sambamba na iliyochoka ni kuiozesha mpya, kwa kuwa ya zamani huinyonya muda wote.

Wenye friji za gesi ya kupikia, zile zinazoweza pia kutumia volti 12, wajue kwamba kipasha joto chao huvuta ampea 10 au zaidi mfululizo bila kupumzika. Friji ya aina hiyo imekusudiwa kutumia umeme wa betri wakati injini inazunguka tu. Ikiachwa usiku, betri ya ampea-saa 100 hufika nusu ndani ya saa tano. Si hitilafu, ndivyo ilivyo.

Dalili: inafanya kazi mashine ikinguruma tu

Alternata ikichaji, volti hupanda hadi karibu 14, na ziada hiyo huficha waya mbaya. Fuata kipimo cha njiani kilichoelezwa hapo juu na usikubali kuambiwa kwamba friji "inahitaji injini". Mara chache friji huwa imeunganishwa kwa makusudi kupitia swichi ya ufunguo. Ufuate waya chanya kwa macho na utalijua hilo.

Dalili: fyuzi inaungua

Ikiungua mara moja baada ya miaka, weka nyingine ya kiwango kile kile. Ikiungua tena, simama. Chanzo cha kawaida ni waya uliosuguliwa na ubao au ukingo wa chuma hadi ganda limetoboka, hasa pale unapopita kwenye ngama. Kinachofuata ni feni iliyokwama, na cha mwisho ni kisanduku cha elektroniki kilichoingia maji. Tenganisha nyaya kwenye friji na uweke fyuzi: ikiungua huku friji haipo, kosa liko kwenye waya, ikibaki nzima, liko ndani ya friji.

Usiweke fyuzi kubwa zaidi, wala waya, wala karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Betri ya ampea-saa 100 inaweza kutoa mamia ya ampea kwenye njia fupi, na chombo cha mbao kilicho katikati ya mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, hakina pa kukimbilia moto.

Dalili: matatizo huanza friji ikiunganishwa na stima ya nchi kavu au inveta

Stima ya Kenya ni volti 240, na kuanzia hapa sehemu kubwa ya kazi si ya mwenye chombo. Unaloweza kufanya ni kukagua fyuzi ndani ya plagi, kutazama kama kebo imechubuka, na kujaribu kifaa kingine kwenye soketi ile ile. Stima ikikatika na kurudi, subiri dakika tano kabla ya kuwasha friji ya nyumbani, ili shinikizo la gesi litulie. Vifaa vya kulinda friji vinavyouzwa madukani hufanya hivyo vyenyewe, na pia hukata stima inapopanda au kushuka mno.

Friji ya nyumbani inayoendeshwa kwa inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama stima ya nyumbani, mara nyingi hushindwa kuanza kwa sababu kompresa yake huhitaji, kwa muda mfupi, nguvu mara kadhaa ya ile iliyoandikwa kwenye kibandiko. Friji ya wati 100 inaweza kuiangusha inveta ya wati 300. Inveta za bei ya chini zisizotoa wimbi laini huifanya mota ipate joto na kunguruma. Lakini hata hapa, kabla ya kununua inveta kubwa, pima volti kwenye milango ya inveta yenyewe wakati kompresa inaanza, kwa kuwa nyaya zake za betri hubeba mkondo mkubwa zaidi kuliko nyaya zozote nyingine chomboni.

Ukihisi mtetemo wa umeme unapogusa mlango wa friji au chuma cha chombo, toa plagi bila kuchelewa, zuia watu wasiingie majini karibu na hapo, na mwite fundi wa umeme mwenye leseni. Dalili hiyo haina uchunguzi wa kujifanyia.

Dalili: kompresa haipumziki na betri inaisha

Umeme ni mzuri lakini unatumika ovyo. Tazama mpira wa mlango kwa kubana noti ndani yake: ikitoka bila kukwama, mpira umechoka. Tazama kama kondensa, yale mabomba yanayotoa joto nje, inapata hewa, kwa sababu kabati la friji lililozibwa pande zote huifanya kompresa ivute joto lake yenyewe. Barafu nene ndani ya friji iyeyushwe, isichokonolewe kwa kisu. Na samaki wapozwe kwa barafu kwanza ndipo waingizwe. Friji ya lita 50 imetengenezwa kuhifadhi ubaridi, na ukiijaza samaki wenye joto la bahari itazunguka usiku na mchana.

Wakati wa kumwita fundi, na la kumwambia

Mwite fundi wa friji kama volti mlangoni ni zaidi ya 12 wakati kompresa inafanya kazi, kompresa inazunguka mfululizo, lakini baada ya saa kadhaa sahani ya ndani haina ubaridi. Kama kuna mafuta kwenye mabomba ya shaba. Au kama taa inaendelea kupepesa mara tatu au nne hata baada ya friji kupumzika na kupoa. Usikubali gesi iongezwe bila mvujo kutafutwa, kwani mfumo huo umefungwa na gesi haiishi kwa kutumika. Kibandiko kikitaja R600a au R290, gesi yake inashika moto, na kazi yoyote ya kuchomelea ifanywe na mwenye ujuzi nayo, nchi kavu, mahali penye upepo.

Unapompigia simu fundi aliye Malindi au Mombasa, mpe namba tatu: volti kwenye betri friji ikiwa imezimwa, volti kwenye betri kompresa ikiwa inajaribu, na volti pale nyaya zinapoingia kwenye friji wakati huo huo. Ongeza idadi ya kupepesa kwa taa, unene na urefu wa waya, na aina ya gesi iliyoandikwa kwenye kibandiko. Kwa habari hizo ataweza kukuambia kama aje na kisanduku kipya cha elektroniki, au kama ununue waya wa milimita 6 na kuifanya kazi hiyo mwenyewe.